Kiatu cha Chuma

Baba alifanya kazi kilimani,
kilima cha changarawe, kimo cha watu wawili,
nje ya mji wetu wa makaa huko Silesia.
Kichwa cha treni kilipandisha mabehewa taratibu,
mtu akafungua kulabu,
na behewa likashuka peke yake,
halina injini, halina dereva, halina haraka,
kama mgeni anayeijua nyumba.

Kule chini reli zilifunguka kama kitana,
na kule chini alikuwa Bogumił, baba yangu,
na kiatu cha chuma chenye mpini.
Kazi yake ilikuwa kukilaza juu ya reli,
kurudi nyuma hatua mbili,
na kusikiliza.
Gurudumu likipanda kiatu, chuma hulia.
Kilio hicho ndicho kilichotulaza, watoto wa mtaa wa reli.
Siku za mgomo kulikuwa kimya, hatukupata usingizi.

Mwalimu Kornelia aliandika ubaoni: inesha.
Nikalibeba neno hadi nyumbani, nikalitua mezani kando ya viazi.
Baba akacheka kwa pua.
"Mwambie behewa si vivu.
Tupu ni tani ishirini na mbili, likijaa ni themanini,
na lililojaa ndilo bishi zaidi.
Liambie nenda, liambie simama,
jibu lake ni moja: kwa nini?"
Akaweka kijiko chini.
"Watu huniuliza, pale kwenye tambarare, nini kinalisukuma.
Hakuna kinacholisukuma, binti. Limeshakwenda.
Waulize nini kitalizuia.
Hicho ndicho ninacholipwa."

Alistaafu Februari.
Saa tisa usiku aliendelea kuamka,
akavaa buti gizani, akashika kitasa,
akakumbuka.
Ilichukua miezi saba; mama alihesabu.
"Bado hajapata msuguano," aliniambia,
yeye aliyekuwa akinisimamia daftari la fizikia
huku akikuna karoti.

Kisha mama akafa, na baba akasimama.
Hakupunguza mwendo kwanza.
Kama behewa lililogonga mwisho wa reli,
shehena yote ikamjia mbele kwa mkupuo,
vumbi likatua,
basi.
Kiti cha jikoni. Dirisha. Kikombe chenye pete ya chai iliyokauka.

Kila Jumapili niliendesha kutoka Wrocław kuja kumsukuma:
twende kwa daktari,
twende makaburini,
twende kwa Hieronim, njiwa wake wamerudi na medali.
Alinitazama kwa tani zake themanini.
Nilisukuma kwa maneno,
na maneno hayana tungamo.

Jumapili moja theluji ililifunga gari langu langoni.
Nikakanyaga mafuta. Tairi zikazunguka palepale,
zikaisugua theluji mpaka ikawa kioo.
Nikatukana. Nikakanyaga tena.
Mara, kwenye kioo cha nyuma: fulana, sapatu za sufi,
viganja viwili juu ya buti la gari.

"Acha mafuta!
Liache lirudi.
Sasa!
Liache lirudi.
Sasa!"

Mbele shubiri, nyuma shubiri,
mbele dhiraa, nyuma dhiraa.
Hakuwa akishindana na uzito,
alikuwa akiukopa,
kila kurudi akakuwekea akiba ya kwenda.

Gari likachomoka.
Kusimama pale kungekuwa kukwama upya,
nikaenda nalo hadi kwa mwoka mikate, nikitazama nyuma.

Mikono yake ilikuwa bado imenyooka
mbele ya kitu kisichokuwepo tena,
na miguu inaendelea,
hatua, hatua, nyingine,
akapita lango,
akapita nyumba ya Hieronim na njiwa wake wote,
mguu mmoja peku,
kuelekea kule chuma kinakolia.

Nilifungua dirisha nimwite.
Nikalifunga.

Niligeuza gari polepole, nikashuka langoni.
Sapatu ilikuwa imelala ubavu kwenye theluji.
Nikaiokota, nikaingiza mkono.
Ilikuwa bado na joto.